Deraya Nyeupe ya Mama Mutinda

Chumba cha kazi cha Sufian Kombo kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa mjini Voi, mahali ambapo ukisimama mlangoni unasikia malori ya barabara kuu yakipunguza mwendo. Humo alitengeneza meno ya bandia. Hakuwa daktari, ingawa watu walimwita Daktari na alishachoka kuwasahihisha. Madaktari wa meno wa Voi, Wundanyi na Taveta walimletea vipimo vya vinywa vya wagonjwa wao, naye akawarudishia meno yaliyopachikwa kwenye ufizi wa akriliki ya rangi ya waridi, yakamkaa mtu kinywani kana kwamba amezaliwa nayo.

Kazi ikipungua, alikuwa na shughuli nyingine. Kwenye rafu ya karibu na dirisha alipanga vigari vya kijeshi, vingi havizidi kiganja cha mtu mzima, alivyoviunda mwenyewe kwa plastiki, bati la mikebe ya maziwa na mabaki ya akriliki ya meno. Vifaa vilikuwa vilevile: kisu chembamba cha kuchongea nta, msasa laini, brashi ya nywele chache. Hakupenda gari la jeshi lolote tu. Alichokipenda ni gari lililokuwa ugenini, lililoundwa na nchi moja, kisha likauzwa au kukopeshwa au kutekwa na nchi nyingine, likavuliwa rangi zake na kuvikwa za wamiliki wapya. Alikuwa na kifaru cha Kiingereza chenye nembo za jeshi la Kiarabu, na lori la Kirusi lenye bendera ya nchi ya Kiafrika ubavuni. Gari la namna hiyo, alisema, lina maisha mawili, na mtu anayejua kutazama huyaona yote mawili: pale ambapo nambari ya zamani imepakwa rangi juu lakini bado inachungulia.

Mapenzi hayo yalimwanzia shuleni, siku walipopelekwa kutazama kilima cha Salaita, njiani kwenda Taveta, na mahandaki ya vita vya Wazungu. Mwalimu alisimulia habari za wanajeshi waliotoka Bara Hindi na Afrika Kusini kuja kufia pale kwenye miiba. Watoto wenzake waliokota vipande vya vyuma. Sufian alirudi nyumbani anawaza magari yaliyopita pale, yalikuwa na rangi gani.

Mkewe Nasima hakumkataza mchezo wake. Jambo moja tu lilimkereketa, na alilitaja mara moja alipomletea chai. Magari yote yale, alisema, milango imefungwa na hamna mtu hata mmoja. Sufian alimjibu kuwa watu ni wagumu kuchonga. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Watu walimharibia. Gari tupu ni umbo na rangi. Ukimtia mtu ndani, linakuwa na mahali linapokwenda.

Basi siku moja ya Machi, joto likiwa limeshika, akaja mwanamke wa makamo kutoka Maungu. Daktari alikuwa amemtuma kwa sababu meno yake mapya ya juu yalimchubua. Jina lake lilikuwa Tryphena, lakini alijitambulisha kama Mama Mutinda. Aliuza chai na chapati kwa madereva wa malori pale Maungu, na alikuja bado amevaa aproni chini ya shuka. Sufian alimkalisha kitini, akayachukua yale meno, akaanza kuyasaga pembeni kwenye mashine yake.

Alipogeuka, alimkuta yule mama amesimama mbele ya rafu. Alikuwa ameinama, mikono imefungwa nyuma kama mtu aliyeonywa asiguse.

"Hii nyeupe," alisema. Maneno yalimtoka laini kwa kukosa meno. "Hii ni ya wapi?"

Sufian alifurahi kuulizwa. Ilikuwa deraya, gari la kivita la kubebea askari, ya magurudumu manane, nyeupe pe, na ubavuni mwake herufi mbili nyeusi za Umoja wa Mataifa. Akaanza kumweleza. Gari hili liliundwa na nchi ya baridi huko Ulaya, likahudumu miaka mingi katika jeshi la huko likiwa la kijani, halafu likakopeshwa kwa vikosi vya kulinda amani. Wenye kulikopa walikuwa wa mataifa mengi, hata wanajeshi wetu. Akamwonyesha jinsi alivyopaka ule weupe mwepesi makusudi, ili nambari ya zamani ionekane kwa chini. Alisema hiyo ndiyo raha yake.

Mama Mutinda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto wangu alifia ndani ya gari kama hili," alisema.

Mashine ya kusagia ilikuwa bado inazunguka. Sufian akaizima. Neno lake mwenyewe, raha, lilibaki pale chumbani kama harufu. Akampa pole, akamwombea marehemu kwa Mungu, na mama akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakutoka kwenye rafu. Akauliza kama mlango wa nyuma unafunguka. Sufian akasema haufunguki, umebandikwa. Akauliza ndani mna nini. Sufian alilazimika kumwambia kuwa hamna ndani, amekijaza kigari chote akriliki ili kiwe kizito.

"Hamna ndani?"

"Hamna, mama."

Alirudi kukaa. Sufian alimvisha meno, akamwambia aume, afungue, aume tena. Yalimkaa vizuri. Alipoweza kusema sawasawa, alisimulia mambo yake bila kulia, kama mtu anayetoa maelezo aliyokwisha kuyatoa mahali pengi. Mutinda alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Alikufa miaka minne iliyopita, ule mwaka wa ukame mkubwa, kwa bomu lililotegwa barabarani katika nchi ya watu. Maofisa walikuja Maungu na jeneza lililofunikwa bendera. Walimwambia kijana hakuteseka, alikufa papo hapo. Wakamwambia pia jeneza halifunguliwi. Akamzika pembeni mwa nyumba, pamoja na yote ambayo hakuyaona.

"Kila nikijaribu kumwona, namwona peke yake gizani," alisema. "Kama mtu amefungiwa stoo. Nataka kujua alikaa wapi. Nataka kujua ni nani alikuwa karibu na yeye. Nitengenezee moja yenye iko na ndani."

Sufian hakujua amekubali vipi, lakini alikubali.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumsaidia. Mama Mutinda alimtaja: Muli Muasya, aliyekuwa ndani ya gari lile na akatoka hai. Aliachishwa jeshi kwa sababu ya mguu, na sasa alilima ndizi na nyanya huko Mata, ng'ambo ya Taveta. Mama alikuwa amempigia mara nyingi tangu mazishi. Simu iliita mpaka ikakatika, kila mara.

Jumamosi moja Sufian akaendesha gari lake dogo mpaka Mata. Alimkuta Muli kwenye mfereji, suruali imekunjwa, anafungulia maji yaingie kwenye migomba. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpana wa mabega, na mguu wa kushoto usiokunjika. Walisalimiana vizuri. Lakini Sufian alipofungua simu na kumwonyesha picha ya kile kigari cheupe, uso wa Muli ulibadilika.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama hii ndiyo kazi ya Sufian. Sufian akasema hapana, kazi yake ni meno, hii huifanya kwa kujipumzisha.

"Kujipumzisha," Muli alisema, akamrudishia simu. "Mimi nikiota hiyo gari naamka nimelowa jasho. Wewe unaipaka rangi ukitaka kupumzika."

Sufian alijaribu kumweleza kuwa ametumwa na Mama Mutinda. Muli akasema anajua mama anapiga, namba yake anaiona, na hana la kumwambia. Akarudi kwenye mfereji wake na kumpa mgongo.

Njia nzima ya kurudi, Sufian hakuwasha redio. Alipita Salaita bila kugeuza kichwa, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Nyumbani alimsimulia Nasima yote, naye Nasima hakusema nilikwambia, ingawa angeweza. Alimuuliza tu kama yule kijana amekosea. Sufian akasema hakukosea.

Kwa siku kadhaa hakugusa rafu. Alitundika kitambaa juu yake, kama watu wanavyofunika vioo kwenye msiba, akashughulika na meno. Kisha akampigia Mama Mutinda kumwambia kuwa kazi imemshinda. Umbo la nje angeliweza, alisema, hata mabenchi angeyaweza kwa picha za mtandaoni, lakini nani alikaa wapi hakuna picha itakayomwonyesha. Upande wa pili alisikia kelele za malori na sufuria.

"Tengeneza pale umefika," mama alisema. "Hiyo ingine tutaona."

Akaanza. Safari hii alianzia ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikata sakafu, akapanga mabenchi mawili yanayotazamana, yamebanana kiasi kwamba watu waliokaa juu yake magoti yao yangegusana. Akaunda kuta kwa bati, akatoboa vitundu vidogo vya kuchungulia. Milango miwili ya nyuma aliiwekea bawaba za waya mwembamba, ikawa inafunguka na kufungwa. Alipotazama kwa mlango ule uliokuwa wazi, aliona jinsi mle ndani mlivyobana. Kwa miaka yote aliyolipenda gari hili, hakuwahi kuwaza kwamba mtu ndani yake hana pa kunyoosha mguu.

Mvua za masika zilipoanza kunusanusa, Mama Mutinda akaja Voi. Alikiona kigari juu ya meza, bado cha kijivu, hakijapakwa rangi. Akafungua milango kwa ncha ya kidole, akayatazama mabenchi matupu.

Akasema, "Kesho Jumapili. Twende wote."

Sufian akasema Muli hataki. Mama akasema amemsikia, lakini kijana huyo hakumkataa yeye, alikataa simu.

Kwa hiyo kesho yake, baada ya mama kutoka kanisani, walikwenda Mata. Mama alikipakata kigari njia nzima kikiwa kimefungwa kwenye leso. Walimkuta Muli nyumbani, amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alipomwona mama anateremka garini, alisimama haraka, akasahau mguu wake, akayumba. Mama alimwahi. Akamshika mkono, akamwamkua kwa Kikamba, akamuuliza habari za mguu, za mkewe, za shamba la nyanya. Hakuuliza lingine. Muli aliingia ndani akatoa viti, na mkewe akaleta maji na uji.

Walikaa. Mama aliuchukua ule ungo, akauweka mapajani, akaendelea kuchambua maharagwe pale Muli alipoachia. Sufian alikiweka kigari juu ya stuli bila kukifungua kutoka kwenye leso. Hakuna aliyekitaja. Walizungumza kuhusu mvua, kuhusu ndovu walioingia mashambani, kuhusu bei za nyanya. Baadaye kidogo Muli mwenyewe akanyoosha mkono, akafungua fundo la leso.

Akakigeuza, akafungua milango ya nyuma. Kidole chake kikubwa hakikuingia, ilibidi atumie ncha ya kijiti cha kiberiti.

"Hapa nilikaa mimi," alisema. "Kando yangu Ekiru, kijana wa Lodwar. Hapa ng'ambo, Josephat, mtu wa Busia. Na hapa Mutinda. Goti lake na langu, hivi." Akasogeza kiti chake mpaka goti lake zima likagusa la Sufian. "Hivyo kutoka asubuhi. Ukitaka kujikuna unaomba ruhusa."

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Muli aliendelea, anamwambia yeye sasa, si Sufian. Walikuwa wanasindikiza malori ya chakula. Joto lilikuwa la ajabu mle ndani. Kwenye mlango huu, upande wa ndani, kulikuwa na maandishi ya wale watu wa kwanza wenye gari, herufi ambazo hakuna aliyezijua. Mutinda alikuwa anajifanya anazisoma. Kila siku alizisoma vingine. Siku moja alisema ni maombi, siku nyingine akasema ni jina la msichana wa dereva.

"Siku hiyo alisema imeandikwa, asiyekula muthokoi ashuke."

Mama Mutinda alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakijua, akaziba mdomo kwa kiganja. "Na yeye ndiye alikuwa hakuli hayo mahindi ya kukoboa," alisema. "Nilikuwa namchapa juu ya muthokoi."

Muli naye alicheka kidogo.

"Walikwambia alikufa papo hapo," Muli alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa hospitali Nairobi wakati mlikuwa mnazika. Nikasikia vile mliambiwa. Nikafikiri, nikishika simu ya mama ataniuliza, na nitasema nini? Nikisema kama wao, nimemdanganya. Nikisema ukweli, nimemuua mara ya pili." Alikuwa bado ameshika kile kijiti cha kiberiti. "Kwa hivyo sikushika."

"Niambie," mama alisema.

Akamwambia. Bomu lilipiga upande wa Josephat. Josephat na Ekiru walikufa hapo hapo. Muli alijikuta nje, kwenye vumbi, na Mutinda alikuwa kando yake, kichwa juu ya mkono wake. Hakulia, hakupiga kelele. Alikuwa amevuja damu nyingi, na akili ilikuwa imeanza kwenda. Wengine waliofika kusaidia walikuwa wageni, wakimsemesha kwa Kiingereza, naye hakuwajibu. Alimjibu Muli peke yake, kwa Kikamba. Alidhani yuko Maungu. Aliuliza kama mvua imenyesha.

"Akaniuliza mara mbili. Nikamwambia imenyesha. Nikamwambia imenyesha tangu asubuhi na tangi imejaa. Akasema, sawa. Halafu helikopta ikachelewa."

Mkewe Muli alikuwa amesimama mlangoni. Maji ya mfereji yalisikika.

"Mwaka huo haikunyesha," mama alisema.

"Najua, mama. Nilikuwa najua."

Mama Mutinda aliweka ungo chini. Alilia wakati huo, kwa sauti ndogo, bila kujificha, na Muli akasogeza kiti mbele yake, goti kwa goti. Hakumshika wala hakuondoka. Mwisho mama alijifuta kwa ile leso, akavuta pumzi.

"Ulimjibu vizuri," alisema. "Mimi pia ningemwambia hivyo."

Kabla hawajaondoka, Muli alichora kwa kalamu, kwenye karatasi ya mfuko wa sukari, yale maandishi ya mlangoni jinsi alivyoyakumbuka. Alimpa Sufian, na Sufian akampa mkono, na safari hii Muli aliushika kwa mikono yote miwili.

Wiki zilizofuata Sufian alifanya kazi kama ambavyo hakuwahi. Alipaka gari kijani kwanza, ile kijani ya nchi ya baridi, akaandika nambari ya zamani ubavuni, akaiacha ikauke. Kisha akapaka weupe juu, mwepesi, tabaka kwa tabaka, mpaka nambari ikabaki kama kovu la chanjo. Akaandika zile herufi mbili nyeusi. Yote hayo alikuwa ameyafanya mara nyingi na mkono wake uliyajua. Maandishi ya ndani ya mlango aliyapata kwenye picha moja mtandaoni baada ya kuyalinganisha na mchoro wa Muli, na simu yake ikamtafsiria. Yalikuwa maagizo ya kukagua komeo kabla ya safari. Hakumwambia mtu. Aliyaandika kwa brashi ya unywele mmoja, herufi kwa herufi.

Kilichomshinda kwa muda mrefu ni watu. Aliwachonga kwa akriliki ya ufizi kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Wakatoka wanne wa rangi ya waridi, wadogo kama punje za mahindi, uchi na laini kama watoto waliozaliwa leo. Nasima alipowaona wamelala kwenye kisahani, alikaa kitako. Aliomba kumshika mmoja. Akauliza Mutinda ni yupi, na Sufian akamwonyesha, na Nasima akamweka kiganjani akamtazama, kisha akamrudisha taratibu mahali pake.

Sufian aliwavisha sare kwa rangi. Nyuso hakuzichora, alijaribu moja akaifuta, kwa sababu hakuwajua na hakutaka kuwapa nyuso za watu wengine. Aliwapachika mmoja mmoja kwenye mabenchi kwa kibano, Ekiru na Muli upande huu, Josephat na Mutinda upande ule. Kichwa cha Mutinda alikigeuzia mlangoni, kwenye maandishi. Alipomaliza akaenda kunawa, akakaa nje uani.

Kigari walikipeleka Maungu siku ya Jumapili. Muli alipanda basi kutoka Taveta mpaka Voi, Sufian akamchukua stejini, wakaenda pamoja. Nyumba ya Mama Mutinda ilikuwa upande wa pili wa reli, ya matofali, na kaburi lilikuwa ubavuni mwake chini ya saruji iliyopakwa chokaa, na msalaba wenye jina na namba ya jeshi. Kunde alizopanda mama zilikuwa zimeota mpaka ukingoni mwa saruji.

Muli hakuingia ndani kwanza. Alikwenda kaburini, akavua kofia, akasimama na ule mguu wake umenyooka. Alianza kusema kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye upande wa pili wa uzio. Alisema kwa muda mrefu. Sufian hakuelewa lugha, na hakutaka hata kukisia, akasogea mbali mpaka karibu na jiko la nje, ambako mama alikuwa anageuza nyama sufuriani na hakuinua kichwa.

Baadaye walikula. Kigari kilikuwa kimewekwa juu ya kabati, kando ya picha ya Mutinda akiwa na sare, milango yake ya nyuma imeelekezwa chumbani. Jirani mmoja, mama wa makamo aitwaye Ndunge, aliingia kuazima kitu, akakiona, akasimama. Akauliza hiki ni nini.

Mama Mutinda alifuta mikono. Akakishusha, akakiweka mezani katikati ya sahani, akamwita asogee karibu. Sufian alidhani atamwambia jinsi kilivyotengenezwa. Hakugusia hilo.

"Huyu ni Muli, ndiye huyu amekaa hapa, yuko hai, analima Mata," alisema, akionyesha kwa mpini wa kijiko. "Kando yake ni Ekiru, wa Lodwar. Huyu ni Mutinda wangu. Na huyu wamekaa pamoja ni Josephat, wa Busia."

Ndunge aliinama akachungulia kwa muda. Akatikisa kichwa. Akauliza, hawa wawili wengine nao wana mama zao?

Muli alisema Ekiru alilelewa na nyanya yake, naye ameshafariki. Mama yake Josephat yupo. Namba yake anayo kwenye simu tangu wakati ule, alipewa na mke wa Josephat, na hajawahi kuipiga. Alisema hayo akitazama sahani yake.

"Mpigie," Mama Mutinda alisema.

Muli alitoa simu, akaitafuta namba, akaipata. Kidole chake kilikaa juu ya kioo bila kubonyeza. Sufian aliona jasho limemtoka juu ya mdomo wa juu, ingawa upepo ulikuwa unapita dirishani.

Mama Mutinda akanyoosha mkono. "Lete hapa."

Akaichukua, akabonyeza, akaiweka sikioni. Iliita. Alisogeza kiti karibu na meza, akasubiri, macho yake yakiwa kwenye yale mabenchi mawili madogo. Upande wa pili sauti ya mwanamke ikaitikia, kwa mbali, ikiuliza ni nani.

"Mama Josephat?" alisema. "Hunijui. Naitwa Tryphena, niko Maungu, pande za Voi. Watoto wetu walikaa benchi moja."